Kifungo cha pedeli ya breki

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.

Kwako shoga yangu Mama Tatu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, watoto wazima, na mama miguu imepungua kuvimba. Natumaini huko Mwanza nanyi mu wazima, na baba watoto amesharudi safari.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza ununue gari gani sasa kwa kuwa mkopo wa SACCOS umetoka, na umenitajia mawili: lile dogo ambalo kila mtu analo, na lile la kijivu ambalo Mwanza nzima hujaona la pili yake. Ningekujibu siku ile ile, ila ndio kwanza natoka kwenye mkasa wa wiki mbili na nusu, na chanzo chake ni kitu kidogo kuliko kifungo cha shati la shule. Nataka uusome wote kabla hujatoa hela.

Ilianza Jumanne alfajiri. Nafungua mlango wa gari, naona vipande vya plastiki kwenye kapeti ya dereva, rangi ya kahawia iliyopauka, ukivishika vinameguka kama biskuti. Nikavifagia, nikatupa. Kosa hilo lilinigharimu, utaona mbele. Kuwasha gari, kimya. Jirani yangu alikuwa anarudi msikitini, akaniambia, "Mama Salma, usiku kucha taa zako za nyuma zilikuwa zinawaka. Nilidhani umeziacha makusudi." Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kliniki ya mama. Nikampakia kwenye bajaji, mtu wa miaka 74 na miguu ile, njia nzima anashikilia chuma na mimi nimemshikilia yeye.

Jioni akaja fundi waya, akabusti betri, akalala chali chini ya usukani na tochi mdomoni. Alipotoka akanieleza vizuri, nami nakueleza kama alivyonieleza. Juu ya pedeli ya breki kuna swichi yenye kijiti. Ukiwa hujakanyaga, pedeli inakibonyeza kile kijiti na taa zinakaa zimezimwa. Ukikanyaga, pedeli inakiachia, kijiti kinachomoza, taa zinawaka. Sasa pale kijiti kinapogusa pedeli pana tundu, na tundu limezibwa kwa kifungo cha plastiki. Basi, ni hicho tu. Kikizeeka kinameguka, kijiti kinapenya tunduni, na gari linaamini umekanyaga breki usiku na mchana. Balbu mbili za wati 21 kila moja, na ile ya tatu ya kwenye kioo cha nyuma, kwa betri ndogo kama yangu usiku mmoja unatosha kuimaliza.

Betri ningeivumilia. Kilichoninyima usingizi ni mengine mawili. La kwanza, aliye nyuma yako hajui tena lini unafunga breki. Taa zako kwake ni nyekundu muda wote, kwa hiyo hazimwambii kitu. Nikajiuliza Jumatatu usiku nimeendesha hivyo umbali gani kwenye Barabara ya Morogoro, daladala limenikalia mgongoni. La pili, gari langu ni la gia za otomatiki. Kile kizuizi kinachokataa gia isitoke kwenye P, ile ya kuegeshea, mpaka ukanyage breki kinapata habari zake kutoka kwenye swichi hiyo hiyo. Swichi ikidanganya, gia inatoka bila mguu wowote kwenye breki. Na wewe unamjua kitinda mimba wangu. Nikishuka kufunga geti, gari linaunguruma, yeye huyo kwenye kiti cha dereva anashika kila kitu.

Fundi akaniwekea bolti na nati, ile ya spana namba 10, akasema, "Hii ikufikishe tu. Usiizoee, chuma kitakula kile kijiti, na nati ikilegea itaangukia miguuni kwako." Nikasema kwa kitu cha breki sibahatishi, nakwenda kwa wakala mwenyewe wa magari haya, nitoe hela, nipewe kitu halisi, nilale.

Nilikwenda mara tatu. Ya kwanza nilikaa dakika 40 kwenye viti vya ngozi, na nilipofika mezani kijana akachungulia nyuma yangu akauliza nimekuja na nani. Nikamwambia nimekuja mwenyewe, gari ni langu, na ninachotaka ni hiki. Akaniomba namba ya chesesi. Nikampa kadi ya gari. Akaandika, akafuta, akaandika tena, kisha akasema gari hili halipo kwenye mfumo. Mfumo wake unataka namba ya herufi na tarakimu 17. Ya kwangu ni fupi: herufi za modeli, kistari, halafu tarakimu chache.

Hili lijue, Mama Tatu, kwa sababu na lako litakuwa hivyo hivyo. Magari yaliyouzwa kwa Wajapani wenyewe kule kwao hayana ile namba ya 17, yana hii fupi. Na magari mengi tunayoyaona barabarani hapa ni hayo, yametumika huko kwanza, kisha yakapanda meli. Wakala ameandaliwa kwa magari aliyoyaleta yeye yakiwa mapya. Kwa hiyo unakwenda na gari lenye nembo ile ile iliyoandikwa juu ya mlango wao, na wao wanakutazama kama umeingia duka la watu wengine.

Mara ya pili nikaambiwa mhusika hayupo. Mara ya tatu nikapata bahati. Pale kwenye dirisha la stoo alikuwapo mzee mmoja mpole, akageuza skrini ili nami nione. Alifungua michoro, akaiweka kwenye soko la Japani badala ya la huku, akaandika ile namba yangu fupi, na gari likatokea lote, limechorwa kipande kwa kipande. Pedeli hiyo. Swichi hiyo. Na kifungo changu hicho, kimechorwa kando na mshale wake na namba yake peke yake yenye tarakimu kumi. Shoga yangu, niliona faraja kama niliyeonyeshwa ndugu aliyepotea.

Halafu akaniambia hawanacho. Hawajawahi kuwa nacho. Kuagiza kimoja hawaagizi. Kilichopo ni pedeli nzima, shilingi 412,000.

Nikamwambia, "Baba, mimi ni fundi cherehani. Nina kopo la vifungo nililorithi kwa shangazi, na kazi ya kukata kifungo kilichokatika na kushona kingine siwezi hata kumtajia mteja bei. Ningemwambia anunue gauni jipya, ningekuwa bado nina mteja?" Hakunijibu. Alitazama mlango wa ofisi ya ndani, akachukua kipande cha risiti, akaniandikia ile namba nyuma yake, akanisogezea. Namwombea heri mpaka leo.

Nimejaribu kuwaelewa, sipendi kumlaumu mtu kwa jambo nisilolijua. Stoo inaweka kinachotoka haraka: filta, pedi za breki, mikanda. Kifungo na giaboksi vyote vinataka rafu, lebo na mtu wa kuvihesabu mwisho wa mwaka, na faida ya kifungo haimlipi huyo anayehesabu hata nusu saa. Tena wateja wao wakubwa ni maofisi yenye misafara ya magari makubwa, ambako anayelipa siye anayeendesha. Hayo yote nayakubali. Nisichokikubali ni kwamba aliyetengeneza gari alijua plastiki hii itazeeka. Alikipa kifungo namba yake peke yake, maana yake alijua kuna siku kitatakiwa peke yake. Halafu kati ya kiwandani na mimi, mahali fulani, mtu akaamua kwamba kwa kuwa bei yake ni ndogo basi na kazi yake ni ndogo. Kazi yake ni kumwambia aliye nyuma yangu kwamba nasimama.

Na madhara hayaishii kwa mtu mmoja. Unamkumbuka yule dada anayeuza vitenge hapa jirani? Mwaka jana kwenye foleni walimng'oa kioo cha pembeni mchana kweupe. Hakikuchukuliwa chote, walibandua kile kioo chenyewe tu, sehemu ya kujitazamia. Wakala akamwambia wao wanauza kioo kizima na mota yake na kava lake. Atafanya nini? Akaenda kununua kile kipande mtaani, na mpaka leo hana hakika kama hakununua cha kwake mwenyewe. Ndiyo maana unaona watu hapa Dar wanachora namba za gari kwenye vioo, kwenye taa, mpaka mtu mwingine gari linaonekana kama daftari. Mimi naamini kabisa kwamba kipande kidogo kingeuzwa dukani kwa bei yake, mwizi wa kipande kidogo angekosa pa kukipeleka.

Basi Jumamosi nikaenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya vipuri. Hapo ndipo nilipoujutia ule ufagio. Kila duka nikiingia swali ni moja, "Sampuli iko wapi, mama?" Na sampuli niliitupa jalalani. Wananionyesha vifungo vya kila aina: cha tundu kubwa, cha tundu dogo, chenye shingo ndefu, cheupe, cheusi. Vinafanana kama punje za choroko, na ukikosea kidogo tu hakikai. Duka la nne kijana akaisoma ile namba ya mzee wa stoo, akaitafuta kwenye simu, akaniambia kitu ambacho kule kwenye viti vya ngozi hakuna aliyenitajia: kifungo hiki hiki kimefungwa kwenye modeli nyingine kadhaa za kampuni hiyo, pamoja na moja iliyojaa mjini kila kona. Akanishika mkono mpaka kwa mzee mmoja anayeuza vilivyotolewa kwenye magari yaliyokatwa nusu. Mzee akavuta kopo la maziwa, akamwaga juu ya gazeti klipu, skrubu, raba, vizibo. Akachambua kwa kidole kimoja kama anayechambua mchele. Akatoa viwili. Shilingi 3,000 vyote viwili, na kimoja akakibana kwa kucha mbele yangu nione kwamba bado kigumu.

Kukifunga hakukuchukua dakika tano. Fundi alitoa bolti, akakisukuma kifungo kwa kidole gumba, kikalia "tak". Nikamsimamisha Salma nyuma ya gari kwenye giza, mimi ndani nakanyaga na kuachia, naye anapaza sauti, "Imewaka! Imezima! Imewaka! Imezima!" Nilimrudisha mara kumi huenda. Nilitaka kusikia lile "imezima".

Sasa jibu lako. Chukua lile dogo ambalo kila mtu analo. Najua la kijivu ni zuri, na najua unachoka kuona gari lako kwa kila mtu. Lakini gari ambalo kila mtu analo ndilo ambalo vipande vyake vimejaa kwenye lile kopo la maziwa. La kijivu likimeguka kifungo, utaagiza pedeli.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akuandikie namba ya chesesi, unitumie. Nitakwenda nayo Gerezani niulize vitu vidogo tu: klipu za bampa, kitasa cha mlango, swichi ya vioo, kifungo cha pedeli. Injini usihangaike kuiulizia, injini kila mtu anauza. Ukishalinunua, mtu apige picha kila namba iliyochongwa kwenye kipuri chochote kinachofunguliwa. Na kikivunjika kitu, hata vumbi lake, lifunge kwenye karatasi uliweke.

Nikipata kitu nitakituma kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, wewe utakipokea stendi huko na jina lako litakuwa juu ya mfuko. Kile kifungo cha pili nimekishonea kifuko cha kitenge, kinaning'inia kwenye ufunguo wangu. Kama gari lako litakuwa la zile modeli zinazokitumia, nitakukatia nikutumie hicho hicho.

Msalimie baba watoto, na Tatu mwambie sketi yake ya shule imekwisha, nimebakiza pindo.

Ni mimi shoga yako,
Mama Salma