Orijino au toleo la marudio? Tunachowaambia wapenzi wa santuri hapa Mtwara

"Hii ni orijino?" Ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote hapa dukani. Mteja ameshika Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, ameipenda, anasoma nyuma ya kava. Tukimjibu kuwa ni toleo la marudio, yaani santuri iliyofyatuliwa upya baada ya ile ya mwanzo, anairudisha rafuni. Kwake, marudio ni feki.

Si feki. Tumeona tuandike jambo hili kwa kirefu kwa sababu watu wanatuma hela nyingi Ulaya na Marekani kufuata santuri za mwaka uleule albamu ilipotoka, halafu zikifika wanatuletea tuzisafishe. Nyingine hazisafishiki. Sindano nzito za zamani zimekwangua mitaro inayobeba sauti mpaka matoazi na tarumbeta zimebaki mkwaruzo mtupu, na mkwaruzo wa namna hiyo hautoki kwa maji wala kwa dawa. Kama unanunua ili usikilize, toleo la marudio lililotengenezwa kwa uangalifu mara nyingi litakufaa kuliko santuri ya mwanzo iliyochoka. Huo ndio ushauri wetu, na tunautoa hata pale ambapo ile ghali ndiyo ingetupa faida kubwa.

Chukua hiyohiyo Kind of Blue. Ilirekodiwa New York tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, ikatoka Agosti mwaka huo. Siku ile ya Machi, mashine kuu ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Kanda iliyorekodiwa hivyo, ukiipiga kwenye mashine iliyo sawa, inakimbia, na muziki ukikimbia sauti nayo inapanda. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zikafyatuliwa zikiwa juu kidogo ya zilivyopigwa studio, zikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Zilirekebishwa mwaka 1992, ilipotumika kanda ya akiba iliyokuwa ikirekodi sambamba kwenye mashine nyingine. Kwa hiyo anayetafuta nakala ya 1959 kwa udi na uvumba anatafuta nakala yenye kasoro. Kama kumbukumbu ya historia, ni kitu cha thamani na tunakiheshimu. Kama muziki, toleo lililorekebishwa liko karibu zaidi na kile Miles na wenzake walichokipiga.

Mpiga gitaa mmoja wa hapa mjini alilithibitisha hilo mbele yetu. Alifunga nyuzi zake kwa kipimo cha kwenye simu, tukampigia So What, wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, kutoka nakala ya zamani aliyokuja nayo. Kila alipoifuata besi ya Paul Chambers, mpiga besi wa Miles, alikuwa chini yake. Si sana, lakini kiasi cha kuudhi. Tukaweka toleo lililorekebishwa kwenye gramafoni ileile, gitaa na besi vikakaa pamoja.

Sasa, si kila toleo la marudio ni la kuaminiwa, na hapa ndipo wateja wetu wengi wanapoumia. Sheria za Umoja wa Ulaya ziliwahi kulinda rekodi za muziki kwa miaka 50. Muda ulipoongezwa kuwa 70, rekodi ambazo ulinzi wake ulikuwa umeshakwisha hazikurudishwa. Ndiyo maana albamu za jazi zilizotoka kabla ya 1963 zinaweza kufyatuliwa kule na kampuni yoyote, bila ruhusa ya mwenye rekodi. Ni halali kabisa. Shida ni kwamba kampuni hizo hazina kanda za studio. Kanda ziko kwa wenyewe. Mara nyingi wanachukua CD, wanaihamishia kwenye santuri, wanaitia ndani ya kava zuri zito. Unalipia santuri, unapelekewa CD yenye vumbi. Dalili yake ni kava lisilosema lolote: hakuna jina la fundi aliyechonga sahani mama, ile ambayo santuri zote hunakiliwa kutoka kwake, hakuna maelezo ya chanzo cha sauti. Mtu aliyepata kanda ya asili hanyamazi. Ataiandika mbele, nyuma na ubavuni.

Hata kampuni moja inaweza kutoa matoleo mawili tofauti kabisa. Albamu za The Beatles zilitoka upya kwenye santuri mwaka 2012 kwa mfumo wa stereo, wenye sauti tofauti kushoto na kulia, zikichongwa kutoka mafaili ya dijitali. Miaka miwili baadaye zikaja za mono, sauti yote ikiwa kwenye mkondo mmoja, na hizo zilichongwa moja kwa moja kutoka kanda za analojia, bila kupitia kompyuta. Kwa mtu wa roki ya miaka ya 1960, hizo za mono ndizo tunazompigia kwanza, kisha tunamwachia masikio yake yaamue.

Hatusemi dijitali ni dhambi. Mwaka 2022 ilibainika kuwa kampuni moja ya Marekani, maarufu kwa matoleo ya bei kubwa, ilikuwa ikipitisha kanda kwenye dijitali kabla ya kuchonga, wakati wanunuzi waliamini ni analojia mwanzo hadi mwisho. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, maana hawakuambiwa. Lakini santuri zenyewe zilikuwa zimesifiwa kwa miaka na wasikilizaji wagumu kuridhika. Kazi ya fundi ina uzito kuliko neno lililobandikwa kwenye kava. Na santuri inayotangazwa kuwa na uzito wa gramu 180 isikudanganye: santuri nzito haipindi kirahisi, basi. Sauti haitokani na kilo.

Ukiamua kutafuta ya mwanzo hata hivyo, angalia eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kwa santuri za Blue Note, kampuni ya jazi ya Marekani, za miaka ya 1950 na 1960, tafuta pale maandishi Van Gelder au RVG. Huyo ni Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi sehemu kubwa ya albamu hizo. Kialama kidogo chenye umbo la sikio ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichowafyatulia Blue Note hadi 1966. Muuzaji wa mtandaoni mwambie akutumie picha ya eneo hilo kabla hujatuma hela. Akisitasita, achana naye.

Ukishanunua, kazi inahamia kwenye hewa ya hapa kwetu. Mvua za Desemba hadi Aprili, ukijumlisha upepo wa bahari, zinalowesha kila karatasi ndani ya nyumba, hasa Shangani na Mikindani. Ukungu huanzia kwenye mfuko wa karatasi wa ndani, kisha unashuka mtaroni. Ielekeze santuri kwenye mwanga wa dirisha: utaona vidoa vyeupe vyenye matawi membamba, vimesongamana zaidi ukingoni. Ukiipiga hivyo utasikia kama dagaa wanakaangwa nyuma ya ngoma, na sindano itauburuza uchafu huo mpaka mwisho wa upande. Zipange wima, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Usiziweke juu ya kabati chini ya bati. Lile plastiki la dukani lililoibana kava livue lote. Linafungia unyevu ndani.

Kuna kundi moja tunaliogopea zaidi: santuri nene zinazovunjika kama sahani, za mizunguko 78 kwa dakika. Bado zinaletwa kutoka Nachingwea, Masasi na Lindi, kwenye masanduku ya wazee. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliofika hadi Nachingwea, ulianza 1947 ukafa 1951, na santuri ndefu ya plastiki ilikuwa ndiyo kwanza imeingia sokoni Marekani mwaka 1948, kwa hiyo za enzi hizo karibu zote ni za lakri, utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki. Lakri huyeyuka kwa spiriti. Tafadhali msizifute kwa spiriti, sanitaiza wala manukato. Dakika moja tu, na uso wote unalainika na kunata. Zileteni zikiwa chafu hivyohivyo.

Kuosha santuri moja kwetu ni shilingi 3,000, na mfuko mpya wa ndani umo humo. Tunatumia maji ya betri yasiyo na asidi, tone la sabuni laini na brashi inayofuata mtaro, kisha tunasuuza mara mbili na kuziacha zikauke kivulini mpaka kesho yake. Ushauri wa kununua hatuutozi; tutumie picha ya kava na ya lile eneo karibu na lebo, tutakuambia tunachokiona. Ukizileta, ziwe wima ndani ya boksi, na uje asubuhi. Ukimpa bodaboda, mwambie asizilaze juu ya tangi la mafuta.