Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Umoja Wetu wa Wanafunzi wa Mkoa wa Kigoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani)

Ndugu wanachama,

Mwenyekiti aliyenitangulia alifungua mkutano kama huu kwa "mwakeye", salamu ya Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, na ukumbi mzima ukamwitikia. Mimi leo nawaamkia kwa Kiswahili: habari za asubuhi. Kiha sijakisahau. Sababu imo ndani ya taarifa hii, naomba mnivumilie hadi nifike.

Nianze na yale mepesi. Mahesabu atayasoma mweka hazina, ila niseme mapema kwamba mfuko unahema. Ada ni shilingi 5,000 tu, na bado kuna wanaoilipa siku bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, linapoingia na wengine ambao bumu huingia na kutoka bila sisi kupata habari. Rambirambi tulizipeleka kila tulipopata taarifa ya msiba. Kwenye mpira tulitolewa kwa penalti, na golikipa wetu ameniomba nisiongeze neno.

Sasa Oktoba.

Kama kawaida tulikwenda kuwapokea wageni wa mwaka wa kwanza, wengi wao stendi ya Magufuli kule Mbezi, wachache waliokuja na treni tukawafuata stesheni. Kutoka Kigoma kwa Reli ya Kati ni kilomita kama 1,250, na mtu akishuka baada ya safari hiyo, miguu imevimba na begi lina debe la mawese ambalo limeanza kuvuja, anachotaka ni kumwona mtu wa nyumbani. Kazi hiyo tuliifanya vizuri. Nawashukuru waliolala stendi usiku ule basi lilipochelewa.

Siku kumi baadaye tukafanya hafla ya kuwakaribisha, kwenye vimbwete, yale mabenchi ya saruji ya nje, jioni. Kulikuwa na ugali wa muhogo, migebuka (samaki wa ziwa letu) na maharage, na dada zetu wa mwaka wa pili walijitahidi mno. Mimi nikasimama nikaanza kwa Kiha. Nikaendelea kwa Kiha. Nilikuwa na hamu nacho, nilikuwa nimeshinda tangu asubuhi kwenye mihadhara ya Kiingereza, na wageni walikuwa wanacheka vichekesho vyangu. Nadhani nilizungumza dakika arobaini.

Kati ya wageni alikuwepo binti kutoka Ujiji. Kwao ni Wamanyema, Kiha hajui. Alikaa hadi sahani zilipogawiwa, akala kidogo, akaaga kwamba ana kazi ya kikundi. Wiki ya kwanza ya masomo hakuna kazi ya kikundi. Hajarudi tena kwenye shughuli yetu yoyote, na nilipomtafuta kumwomba radhi alinijibu kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Kaka, nilidhani ni umoja wa mkoa, kumbe ni wa kabila."

Hapo hapo, jioni ile ile, alikuja kijana mwingine ambaye hatukumwalika. Alikuwa anapita na vitabu, akasikia lugha, akasimama. Akasogea. Mtu akamsogezea nafasi kwenye kimbwete. Alicheka pale wenzake walipocheka, na alipoulizwa jambo akajibu, na hakuna aliyehisi chochote mpaka mmoja wetu alipomwuliza anatoka wilaya gani. Akasema anatoka Burundi, Makamba. Kirundi na Kiha mnajua vilivyo, ni kama mtu na mdogo wake. Akauliza ada ni kiasi gani, na fomu anaipata kwa nani.

Tukanyamaza. Nami nilinyamaza, naomba iandikwe hivyo kwenye muhtasari.

Kwa hiyo jioni moja tulimpoteza mtu ambaye katiba yetu inasema ni mwenzetu, na tukamkaribisha, kwa muda wa sahani moja, mtu ambaye katiba inasema si mwenzetu. Kilichowatenganisha ni lugha yangu ya dakika arobaini.

Kamati ilikutana mara tatu juu ya ombi la kijana yule. Sitawataja waliosema nini, ila hoja zenyewe mnastahili kuzijua, kwa sababu leo mtazipigia kura. Hoja nzito ilikuwa hii: sisi watu wa Kigoma tayari tunaitwa Warundi. Tunaitwa kwa utani bwenini, tunaitwa kwenye daladala tukifungua mdomo, na wengine tumeitwa hivyo mahali ambapo si utani. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama kwenye dirisha la ofisi moja, sitaitaja, nikaambiwa nikalete uthibitisho wa alikozaliwa babu. Babu alizaliwa Buhigwe, humo humo Kigoma, kwenye migomba, na cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kumbukumbu ya shangazi zake, wote marehemu. Kwa hiyo mjumbe aliyesema "tukimwandikisha Mrundi tutakuwa tumewapa watu ushahidi" hakusema upuuzi. Alisema kitu kinachotuuma sote.

Lakini nilikwenda kulala nikakifikiria tena. Tunachukia kuulizwa "wewe ni wa kweli?" halafu wa kwanza kumwuliza mwenzetu swali hilo tukawa sisi, tena tukiwa tumeshika sahani ya migebuka. Hapo nilishindwa kujitetea.

Mjumbe mwingine alisema chuo hiki ni cha Watanzania na vyama vyake viwe vya Watanzania. Hili lilikuwa rahisi kidogo, maana historia ya Mlimani inapatikana. Chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hawakufika 20. Kilihamia hapa mlimani 1964. Kati ya 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na kijana wa Uganda au Kenya aliyetaka kusomea sheria alikuja huku. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi hapa 1967 hadi 1970. Yaani kilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea, tarehe 1 Julai 1970, mabweni yake yalikuwa yamezoea wageni kwa miaka. Anayedhani wageni ni jambo jipya Mlimani hajasoma hata bango.

Kuhusu dada yetu wa Ujiji nako kuna historia tuliyoisahau. Kiswahili kilifika Ujiji na misafara ya karne ya 19, na Wamanyema, ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, wamekifanya lugha ya nyumbani vizazi kwa vizazi. Mkoa una Waha, una Wamanyema, una Wabembe, una Watongwe kule kusini mwa mkoa. Tukikaa Kasulu tunajua hivyo vizuri tu. Tukifika Dar es Salaam tunajibana tunakuwa kitu kimoja, na kitu hicho kinazungumza Kiha.

Kwa nini tunajibana? Nina maoni yangu, mnaweza kuyakataa. Wazee wetu waliosoma enzi za shule chache walipelekwa mbali tangu kidato cha kwanza, wakalala vitanda vya juu na chini na watoto wa Mtwara na wa Mara. Wengi wetu ni zao la sekondari za kata. Hadi kidato cha nne tulirudi nyumbani jioni kula kwa mama. Kuchanganyika tumekuonja miaka miwili tu, ya kidato cha tano na sita, tena wengine shule zenyewe hazikuwa mbali. Tunafika hapa na umri wa miaka ishirini na ushee bila kujua namna ya kuishi na Mpemba, wala yeye hajui namna ya kuishi na sisi. Halafu chuo ni kikubwa mno kukulazimisha. Unaweza kumaliza miaka mitatu, ukahudhuria mihadhara na mamia ya watu, na marafiki zako wote wakawa ni wale uliowakuta stendi.

Mfano hai ni kubebana, yaani mwenye kitanda bwenini kulala na asiye nacho. Najua ni kosa, na sisemi nani anambeba nani. Ila tazameni kundi letu la WhatsApp kila Oktoba: ni maombi ya kubebwa tangu asubuhi hadi usiku, na kila mtu anaomba kwa mtu wa kwao. Kitanda kimoja, Waha wawili. Wasiobebwa wanakwenda kupanga Changanyikeni au Msewe, wawili wawili chumbani, tena na wa kwao. Jina la mtaa linatucheka.

Wapo waliofanya tofauti mwaka huu, na nataka kuwapongeza bila majina. Mwanachama wetu wa uhandisi alipangiwa chumba na vijana wa Pemba, Songea na Same. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anaamka nao daku kwa sababu, anasema, usingizi ulikuwa umeshakatika na uji ulikuwepo. Sasa anapika urojo, vibaya. Hao wenzake walikuja kwenye mahafali yetu ya waliomaliza, wakala mawese kwa mara ya kwanza, mmoja akauliza kwa nini mchuzi ni mwekundu hivyo, na kile kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote vya mwaka. Kicheko hicho hakikuhitaji mkalimani.

Kamati inaleta kwenu mapendekezo mawili. La kwanza, kifungu cha 3 cha katiba kinachosema mwanachama ni "mwanafunzi anayetoka Mkoa wa Kigoma" kiongezwe maneno "au yeyote anayependa kushirikiana na umoja huu na kulipa ada". Kura za kamati ziligawanyika, na mimi nilipiga ya ndiyo. La pili, lugha ya mikutano na hafla iwe Kiswahili, na Kiha kiwe cha nyimbo, utani na jikoni. Hili lilipita bila ubishi, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mfano.

Kijana wa Makamba yuko nje ya ukumbi, amekaa kwenye ngazi na fomu yake, nimemwambia asubiri. Dada wa Ujiji nilimwandikia ujumbe jana kumwalika. Ameusoma, hajajibu.

Namkaribisha katibu asome mapendekezo hayo mawili kabla ya kura. Kura ni ya siri, karatasi ziko kwa mweka hazina, na ataanza kwa kuwaita wale ambao ada yao imefika.