Ile kebo si ya Land Rover

Lindi

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Mzigo wako umefika salama, kondakta aliushusha stendi na mpwa wako akaufuata kwa baiskeli. Sisi wazima, ila shangazi yako goti limemrudia tena na mvua hizi.

Sasa hiyo kebo uliyonitumia. Unasema fundi wako hapo Mtwara kaitazama mara moja tu, akasema ni ya spidi ya Land Rover, apewe aikate kidogo aifunge nati nyingine. Mwambie asubiri. Fundi akitaja jina la kitu kabla hajakishika, mimi humwogopa.

Unajua baba yako alikuwa fundi, lakini spea nilikuwa nauza mimi. Mtu anaingia dukani na kipande kilichokatika kimefungwa kwenye gazeti, jina lake halijui, gari lenyewe limelala njia ya Mingoyo. Ukimuuliza gari gani, anakwambia "jeupe". Basi unaangalia chuma, si mtu.

Nimeiosha kwa mafuta ya taa, nikakaa nayo barazani. Kwanza nilishika ncha moja ya waya wa ndani kwa vidole nikaizungusha, na ncha ya pili ikazunguka nayo. Hapo nimeshaondoa kebo ya klachi na ya choki, maana hizo huvutwa, hazizungushwi. Huu waya wa ndani umesukwa tabaka juu ya tabaka, moja inaelekea kulia, inayofuata kushoto, ndiyo maana unapinda kama nyoka na bado unapeleka mzunguko hadi mwisho. Kule juu unazungusha sumaku ndani ya mita ya spidi. Sumaku haigusani na mshale hata kidogo; inakivuta kikombe chembamba cha aluminiamu, na kikombe kinashindana na springi laini kama unywele. Gari likikaza mwendo, kikombe kinajipinda zaidi, mshale unapanda. Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya kazi hiyo mwaka 1902, na magari ya zamani yote uliyowahi kupanda hapa kwetu yalikwenda hivyohivyo.

Ncha ya juu haina maneno: kuna nati ya kufungia nyuma ya mita, na waya umemalizika kwa mraba. Magari mengi yako hivyo. Iliyonisimamisha ni ncha ya chini. Land Rover zile za zamani kebo inaingia kwenye boksi la pili, lile linalofuata giaboksi, upande wa nyuma, kwa hiyo lazima huko chini kuwe na kitu cha kuibana. Hii ganda lake limeisha wazi, hakuna nati, hakuna dalili kwamba iliwahi kuwepo. Halafu waya wenyewe umetokeza nje, una mraba, na pembeni ya mraba kuna kitundu cha kupitisha kipini.

Kipini cha nini, kama kebo inaingia kwenye giaboksi? Nilicheka peke yangu, mpwa wako akadhani nimeanza kuzeeka.

Ni ya Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe. Injini yake iko nyuma na giaboksi iko nyuma, kebo ingesafiri gari zima. Wajerumani wakaipitisha ndani ya ekseli ya tairi la mbele la kushoto, ikatokea kwenye kifuniko cha grisi, ikafungwa kwa kipini. Tairi likizunguka mara moja, kebo nayo mara moja. Ukilifunga gari tairi kubwa kuliko lake, mita inasema uongo, inakwambia unakwenda taratibu na wewe unaruka.

Baba yako alikuwa nayo moja kabla hujazaliwa. Aliniendeshea mpaka Masasi nikiwa na mimba ya dada yako, tope limefika mlangoni, na mshale wa spidi umekufa. Alikuwa ananiuliza mimi, "Tunakwenda ngapi?" Namjibu, "Tunakwenda."

Kuhusu Land Rover yako, usinunue kebo kwa macho. Sisi tuliwahi kuuziwa moja Dar es Salaam, muuzaji anaapa ndiyo yenyewe. Ikafika hapa fupi kwa shubiri moja, na hela hatukurudishiwa. Kwanza chukua kamba ile njia kebo inakopita, iache ijipinde kwa upole, kisha uipime kwa futi. Kona kali ndiyo inayofanya mshale utetemeke na waya ukatike.

Pia angalia uso wa mita. Kama ni Smiths ya Uingereza ya maili, chini kuna namba ndogo, tuseme 1,000 au 1,280. Hiyo ni mizunguko ya kebo kwa maili moja. Ukitaka kujua kama boksi lako linakubaliana na mita, pima ardhini mita 16 na sentimita 9, ambayo ni sehemu ya mia ya maili. Chomoa kebo kule juu, bandika karatasi kwenye ncha ya waya, watu wasukume gari gia ikiwa huru, wewe unahesabu. Mizunguko 10 ni 1,000 kwa maili. Ikitoka 12 na robo tatu hivi, ni 1,280. Vijana wa kusukuma hawakosekani Chikongola, wanunulie chai tu.

Na ukipaka grisi, paka kidogo, kuanzia chini. Sehemu ya mwisho karibu na mita iache kavu, maana grisi hupanda na mzunguko ikaingia ndani ya mita, na hapo utakuwa umeua kitu kizima kwa kutaka kukitunza.

Hii ya Volkswagen sikurudishii. Ila katika lile sanduku la baba yako ulilochukua, chini kabisa pamoja na misumari, tazama kama kuna kifuniko cha bati mviringo, kama kizibo kikubwa, chenye tundu la mraba katikati. Hukukitupa? Ukija Idi, njoo nacho.

Mama yako