Kinga yangu haijashuka, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa afya ulimshauri msomaji anayekaukwa mate anywe maji mengi na "kupandisha kinga". La maji sina ugomvi nalo. La pili ndilo lililonishikisha kalamu, kwani huu ni mwaka wangu wa saba wa kukaukwa mate, na kinga yangu haijashuka hata kidogo. Inanipiga mimi mwenyewe, kwa ugonjwa uitwao Sjögren.

Ilianza kwa mkate. Tonge linanata kwenye kaakaa mpaka nilisukume kwa maji. Darasani sentensi tatu tu, ulimi umegandia meno. Macho yakawa yanawasha kama yameingia mchanga, na meno niliyokuwa nikiyaringia yakatoboka matatu ndani ya mwaka mmoja, pale karibu na ufizi. Nikaambiwa wasiwasi, nikaambiwa uzee. (Nilikuwa na miaka 46. Uzee gani?)

Mwishowe daktari mmoja alinichana mdomo wa chini kwa ndani, akatoa vitezi vya mate vinne, vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, vikaenda kwenye hadubini. Baadaye alinionyesha picha: kuzunguka vijifereji vya mate zimejazana chembe nyeupe za damu, askari wa kinga, zile ziitwazo limfosaiti. Zikikusanyika 50 au zaidi huhesabiwa kuwa rundo, na rundo moja tu katika milimita 4 za mraba linatosha kumfanya daktari aushuku sana ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Sweden aliyeandika habari za wanawake 19 mwaka 1933. Mimi nilikutwa na marundo matatu.

Limfosaiti hizo nyingi huwa ni za aina iitwayo seli T. Hizi huzichochea limfosaiti za aina nyingine, seli B, nazo seli B hutengeneza kingamwili, yaani protini za kushambulia adui, ila hapa dhidi ya protini za mwili wenyewe. Ndizo anti-Ro na anti-La wanazozitafuta kwenye damu. Kilichonishangaza ni kwamba tezi nayo ina mkono wake: seli zilizotanda kwenye vijifereji hutoa kemikali za kuita askari wengine na kuzirefushia maisha seli B. Seli B zikichochewa hivyo miaka mingi, kwa wagonjwa wachache huishia kuwa saratani ya limfu. Ndiyo maana kila kliniki napapaswa chini ya taya.

Si kwamba tezi zangu zimekufa zote. Zilizobaki zimezubaa, na vidonge vya pilokapini huziamsha kiasi.

Jamaa mmoja aliniletea unga wa kupandisha kinga. Nikamuuliza: anayenipiga risasi, wewe unamwongezea risasi?

Naomba mrekebishe jibu lenu. Kama msomaji yule ni mwanamke wa makamo, na macho yake pia ni makavu, aende akapimwe damu na kiasi cha mate. Wagonjwa wa Sjögren tisa kati ya kumi ni wanawake.

Wenu,
Mwalimu mwenye chupa ya maji mkobani