Jino halijatoboka, mbona fizi inatoa usaha?

Wengi wanaofika kliniki kwetu hapa Mwanga, Kigoma, na tatizo hili wameshameza amoksilini dozi baada ya dozi. Kipele juu ya fizi kinapasuka, kinanyauka, halafu kinarudi palepale. Jino lenyewe jeupe, halina tundu, pengine wala haliumi.

Tunaloanza kulishuku ni jino la pili kutoka katikati, safu ya juu. Kuna watu ambao jino hilo, lilipokuwa likiumbika utotoni, gamba lake lilijikunja kuingia ndani, kama kidole cha glavu kilichosukumwa. Kwenye eksirei utaona jino dogo ndani ya jino kubwa. Mlango wake ni kishimo upande wa ulimi, na mswaki haukifikii. Vijidudu hupenya hapo, kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa, kinakufa kimyakimya, usaha unajikusanya kwenye ncha ya mzizi. Usimsingizie samaki mgebuka uliyemtafuna jana.

Mwaka 1957 daktari wa meno Oehlers aliyagawa meno haya katika aina 3. Ya kwanza, mfuko wa lile gamba lililojikunja unaishia kwenye kichwa cha jino. Ya pili unashuka mzizini. Ya tatu unatokeza ubavuni au nchani mwa mzizi, na hiyo ndiyo inayotutoa jasho.

Kwanza tunachoma ganzi, tunafungua jino kwa nyuma, tunasafisha njia za mzizi na kuweka dawa. Mara nyingi hapo panatosha. Ila njia ikiwa imepinda kiasi kwamba vifaa havipiti, au usaha haukomi, tunaongeza upasuaji: tunafunua fizi, tunakwangua kinyama kilichoharibika, tunakata ncha ya mzizi yapata milimita 3, kisha tunaziba tundu kwa saruji ya meno inayoganda hata penye unyevu. Fizi inashonwa, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Uso utavimba siku chache, barafu husaidia. Nyuzi zinatolewa baada ya kama wiki moja.

Wapo wanaotuomba tupasue tu, bila kusafisha njia za mzizi. Hatukubali, maana vijidudu vikibaki ndani kipele kitarudi. Na mzizi ukiwa umelika kupita kiasi, tutakwambia jino ling'olewe.

Bei hatuitaji kwa simu kabla ya kuona eksirei. Kama unayo ya zamani, njoo nayo. Mtoto wa miaka 8 au 9 ambaye jino hilo ndiyo kwanza limeota, mlete tulitazame kwa nyuma: kishimo kikizibwa mapema, huenda asihitaji hata kisu.