Krismasi njema kutoka Vihiga

Krismasi njema watu wangu! Mliopanda matatu jana usiku mkalipishwa nauli mara mbili, poleni, bora mmefika. Hapa kwetu kuku yuko jikoni, mi nimepewa kazi ya kusukuma chapati, mikono iko kwa unga lakini akili iko Boston, Marekani.

Mwaka wa 1659 Wapuritani, wale Wakristo wakali kutoka Uingereza waliotawala Massachusetts, koloni ya huko Boston, walipitisha sheria kwamba ukipatikana unasherehekea Krismasi unapigwa faini ya shilingi 5, na hizo ni shilingi za Kiingereza za wakati huo, si hizi zetu za kununua peremende. Mwaka huohuo, Oktoba, wakamtoa jela Mary Dyer, mke wa mtu, mama wa watoto, wakampeleka kunyongwa pamoja na William Robinson na Marmaduke Stephenson, wote Quaker kama sisi, yaani kanisa la Marafiki, ambalo Wapuritani walikuwa wamelipiga marufuku: ukifukuzwa ukarudi, unanyongwa. Alitembea katikati yao wameshikana mikono, ngoma zinapigwa ili wakiongea wasisikike. Wale wawili wakanyongwa akiona. Yeye wakamfunga mikono na miguu, kamba shingoni, uso wakamfunika na leso, na leso yenyewe ni ya Pasta John Wilson, pasta wake wa zamani, yuleyule aliyemtenga na kanisa 1638 Anne Hutchinson, mwanamke aliyepinga mafundisho ya mapasta, na siku hiyo Anne akitoka nje ni Mary aliyeinuka akamshika mkono wakatoka wote. Sasa leso iko usoni ndo anaambiwa shuka, kijana wako amekuombea msamaha.

Si angekaa tu Rhode Island, koloni jirani, na mzee wake? Akarudi Boston, na tarehe 1 Juni 1660 wakamnyonga kweli.

Kinachonichekesha ni kwamba hiyo faini ya Krismasi hangeilipa hata siku moja, maana Quaker wa enzi zile walisema siku zote ni za Mungu, hakuna kubwa hakuna ndogo. Sisi tulioletewa dini hii Kaimosi 1902, na sasa Kenya ndo ina Quaker wengi kuliko nchi yoyote, tunachinja bila wasiwasi hehe.

Nyanya anasema zamani mwanamke wa kwetu kula kuku ilikuwa mwiko, yeye alipookoka akala, tena mchana watu wakiona, mamake akamnunia wiki nzima. Saa hii ako hapo nje kwa kiti cha plastiki anauliza paja lake limeiva ama bado, na anawasalimu sana. Wacha nikimbie, chapati inaungua!