Mheshimiwa, tuhesabu mikoko iliyo hai

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga

YAH: KAZI ZA KUJITOLEA KATIKA FUKWE NA VISIWA VYETU

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum, na pole kwa majukumu. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninaloliomba halimhusu mtu mmoja wala ofisi moja, na kwa sababu wenzangu wa ukanda huu, kuanzia Sahare hadi Kigombe, wangependa kulisoma jibu lako wenyewe.

Mimi ni mmoja wa watu wanaojitolea kutunza mikoko na fukwe za Tanga. Hatuna mshahara na hatulalamikii hilo. Tunachoomba ni kwamba mkoa uache kupokea taarifa za miche iliyopandwa, uanze kudai taarifa za miche iliyo hai mwaka mmoja baadaye.

Sababu utaiona ukishuka pwani miezi michache baada ya sherehe ya kupanda mikoko. Ratiba za sherehe hupangwa kwa kalenda ya ukutani, na mikoko inafuata mwezi wa angani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya huku kwetu hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Hapo tope linakuwa wazi na mtu anapata nafasi ya kuinama na kuchagua pa kupanda. Sasa mgeni rasmi akifika saa tano, risala ikasomwa, ngoma ikachezwa, ikifika saa saba maji yako magotini na watu wanachomeka miche popote mkono unapofika, ili mradi ipigwe picha kabla haijazama. Sikusemi wewe, Mheshimiwa. Wageni rasmi ni wengi.

Halafu kuna suala la mahali. Mikoko si mti wa aina moja. Mlilana husimama mstari wa mbele, unapigwa na wimbi na hautikisiki. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyojiinua juu ya tope, hupenda matope laini ya kando ya vijito. Mkandaa hukaa nyuma yake, na mchu una roho ngumu: utaukuta mbele baharini, kisha utaukuta tena nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, kwenye chumvi iliyoishinda miti mingine. Akina mama wanaookota chaza wanayajua haya bila kuhudhuria semina. Lakini kwenye sherehe hupandwa mkoko karibu kila mahali, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu kama rula, rahisi kuokota na rahisi kuchomeka. Kwenye mchanga ulio wazi wimbi linaing'oa. Juu ya majani ya bahari inakufa, na yale majani yenyewe, ambamo tasi na changu wadogo hujificha, yanabaki yamekanyagwa na umati wenye fulana mpya.

Kuna sehemu hazihitaji mche hata mmoja. Pale tuta la shamba la chumvi lililoachwa lilipozuia maji, dawa ni majembe na ruhusa ya kulikata, ili bahari iingie na kutoka kama zamani. Mbegu zitaletwa na maji yenyewe kutoka kwenye miti iliyo jirani. Kazi hii haina picha nzuri: ni watu wachache, matope hadi mapajani, na makaratasi mengi, maana msitu wa mikoko una msimamizi wake, bahari iliyo mbele yake ina wake, ufukwe una halmashauri, na shamba lina mwenyewe. Tuliwahi kuzungushwa kwa ajili ya kibali cha namna hii mpaka masika yakaisha. Sitaji ofisi yoyote, na kusema kweli kila moja ilikuwa na hoja yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaketisha mezani pamoja, na katika mkoa huu mtu huyo ni wewe.

Nije kwenye visiwa. Toten, Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Toten inaonekana kutoka mjini, na magofu ya misikiti yake yamefunikwa na vichaka, lakini kuifikia mara kwa mara hatuwezi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mifuko imepungua kweli. Chupa, ndala na vipande vya nyavu vya nailoni havijapungua, na kusi likivuma vinarundikana upya wiki ile ile tuliyosafisha. Nguvu ni zetu, Mheshimiwa, ila petroli ya boti hununuliwa. Gharama za turubai na mahema ya sherehe moja zingetuvusha mara nyingi.

Anayedhani kisiwa kinaweza kusubiri aende Pangani akaulize habari za Maziwe. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje. Miti ilipotoweka mchanga haukuwa na wa kuushika, na leo ni fungu tu ambalo maji makuu ya bamvua hulifunika. Kasa bado wanapanda kutaga pale pale, kwa hiyo watu hulazimika kuyahamisha mayai hadi Ushongo, bara, na kuyalinda takriban miezi miwili mpaka yaanguliwe. Watu hao hawajulikani na wapiga picha, na kazi yao haiishi siku moja.

Huja pia vijana wa kigeni wanaolipa ili wajitolee visiwani. Tunawakaribisha. Ila wiki mbili hazitoshi kuujua mkondo wa maji, basi wapangiwe chini ya vikundi vya wenyeji, wawasaidie kupima na kuandika kumbukumbu za miche, badala ya kufunguliwa eneo lao jipya la kupanda.

Tunaomba utuitishe kikao kimoja na wote wenye kauli juu ya mikoko na visiwa hivi, na viongozi wa vijiji vya pwani wawepo, kabla ya masika. Na ukipenda kutuona kazini, chagua siku yoyote ya bamvua. Ufike saa tatu, na buti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjitoleaji wa pwani,
Tanga